Kamera Mpya na Chai ya Nusu Kikombe

Nilipobadilisha kamera, kila aliyeniuliza sababu nilimpa jibu moja: nataka picha kubwa zaidi. Nilimwambia hivyo mke wangu, nikawaambia wateja, nikamwambia hata mchungaji wetu ambaye hakuwa ameuliza. Lilikuwa jibu zuri na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba yule muuzaji wa Nairobi, alipokuwa akinieleza toleo jipya kwa simu, alipitia habari nyingi za rangi na ukubwa wa picha, mimi nikiitikia tu ehee, ehee, mpaka akafika mahali akasema, "Na hii mpya, boss, iko na kitu ndani ya kushikilia. Hata mkono ukishake kidogo, yenyewe inajisawazisha." Hapo nikamwambia aniwekee moja.

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu iko mtaa wa Free Area, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vyakula vya mifugo, kwa hivyo wateja wangu hupanda ngazi wakipiga chafya. Kazi yangu hasa ni picha za familia, zile kubwa zinazotundikwa sebuleni juu ya kochi, baba na mama wamekaa, watoto wamesimama nyuma wakiwa wameonywa wasicheke. Kwa picha za namna hiyo nilikuwa nimeachana na kamera za kawaida zamani, nikanunua ya medium format, iliyokuwa imetumika na mtu mwingine. Tofauti yake ni sensa, ile sahani ya ndani inayopokea mwanga. Ya kwake ni kubwa, na picha yake unaweza kuikuza mpaka uone nyuzi za sweta moja moja. Lakini ina ubaya wake. Kamera ndogo ni kama rafiki mpole, ukikosea kidogo anakufunika. Hii kubwa haimfunikii mtu chochote.

Ikaanza kunianika. Nilikuwa nakuza picha kwenye kompyuta ili nikague macho, maana macho ya mteja yakitoka vizuri picha nzima iko salama, nikaona kope zina kivuli, kana kwamba kila unywele una pacha wake. Nikalaumu lenzi, nikaisafisha. Nikalaumu vumbi la chakula cha kuku, nikashuka kugombana na mwenye duka, mtu mpole aliyenisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama nimekula. Nikalaumu wateja kwamba wanapumua sana. Nina hasira za karibu, na mwenye hasira za karibu hakosi wa kulaumu. Mwishowe, nikiwa peke yangu, niliilaza kamera juu ya mfuko wa mchele mezani, nikapiga picha ya dirisha bila kuigusa isipokuwa kwa kidole kimoja. Dirisha likatoka kali kama wembe. Nikaishika mkononi, nikapiga dirisha lile lile. Likatoka na pacha wake.

Nikaogopa. Sitapamba maneno hapa. Nilifunga studio mchana kweupe nikaenda kukaa ndani ya gari na kutazama mikono yangu juu ya usukani.

Ili uielewe hofu hiyo lazima nikueleze habari ya chai ya kwetu. Sisi ni watu wa Mau Narok, kule juu kwenye baridi, kwenye ngano na viazi. Kule chai ni heshima ya mtu. Mgeni humiminiwa mpaka pomoni, chai ikafurika kidogo kwenye kisahani, na akimaliza huongezewa kabla hajasema ahsante. Kikombe kisichojaa ni tusi, ni kumwambia mtu kwamba hukumtarajia na usingependa akae. Sasa kwetu kulikuwa na ng'ombe wazuri, mama anajulikana kwa ng'ombe wake mpaka leo, na bado kwetu chai ilimiminwa nusu kikombe. Tena kwa kila mtu: baba, sisi watoto, jirani, mchungaji. Nilikua nikiamini kwamba mama yangu ni mchoyo.

Wazee walipokuja kumposea mwana wao dada yangu mkubwa, wazee wa kofia na makoti mazito, mama aliwamiminia nusu vilevile. Namkumbuka mmoja wao akiinamisha kikombe chake na kuchungulia ndani, kama mtu anayetafuta kitu kilichomwangukia. Mama akasema, "Mtuwie radhi, ng'ombe wamepunguza maziwa." Jikoni kulikuwa na ndoo imejaa, mimi ndiye niliyeibeba kutoka zizini. Wazee waliondoka wakisema kwamba boma lile lina ng'ombe wengi lakini chai yake hupimwa kama dawa ya mtoto. Maneno hayo yalizunguka Mau Narok miaka na miaka, na dada yangu alienda nayo kwa mumewe.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Mikono ya baba ilikuwa ikitetemeka. Ilianza kidogo sana, mtu wa nje hangejua, lakini kikombe kikijaa, chai ilimmwagikia kwenye suruali mbele ya watu, na baba alikuwa mtu wa kujiheshimu. Mama hakutaka awe ndiye peke yake mwenye kikombe cha nusu. Kwa hivyo alitupunguzia sote, akakubali kuitwa mchoyo na wilaya nzima. Ugonjwa ukamchukua baba polepole. Ulichukua kikombe, ukachukua vifungo vya shati, ukachukua jembe, na mwishoni mama alimlisha kwa kijiko, naye amefumba macho asimwone anayemlisha. Mimi nilikuwepo, nikishika bakuli.

Basi hicho ndicho nilichokiona kwenye kope za wateja. Na mikono hii ndiyo kazi yangu yote. Sina nyingine, sijui kulima, na hata jembe lenyewe linataka mkono.

Kamera mpya ilifika asubuhi moja ndani ya sanduku jeusi lililofungwa kwa adabu kama maiti ya tajiri. Mke wangu ndiye hupokea wateja pale studio, huchapisha picha, huzitia kwenye fremu, na huniambia ninapokuwa mjinga. Nilimwomba akae karibu na dirisha, nikaishika kamera mkononi, nikampiga. Nikakuza kwenye kompyuta. Nikakuza zaidi. Kope zilikuwa moja moja, hakuna pacha. Niliketi nikacheka peke yangu.

"Kwani kope zangu zinakuchekesha?" akauliza.

"Ni nzuri."

"Leo ndio unaziona?"

Nilikuwa na majuma ya furaha baada ya hapo. Nilipiga picha bila tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kwa mkono mtupu, nikiwafukuza watoto wa watu huku na huku studio nzima. Niliimba ngazini. Nilimnunulia soda yule mwenye duka niliyemgombeza. Niliamini nimepona, ilhali sikuwa nimekubali hata mara moja kwamba ninaumwa.

Kisha ikaja familia moja kutoka Kabazi, watu wazima, watoto, wajukuu, wote kwa picha moja, nyanya yao amekaa katikati na mkoba mapajani. Kamera ile ina mstari mwembamba ndani, pale unapochungulia kwa jicho, wa kukuonyesha kama umeishika sawa. Ukiwa sawa ni wa kijani, ukipinda unageuka manjano. Nilichungulia, nikaona mstari hautulii. Kijani, manjano, kijani, manjano, unatetemeka kama sufuria iliyofunikwa ikianza kuchemka. Nikabana viwiko kwenye mbavu. Ukaendelea. Nikawaambia wale watu watabasamu, nikapiga, picha ikatoka vizuri, wakaondoka wakishukuru. Mimi nilikuwa nimelowa jasho.

Nikamwita mke wangu. "Hebu shika hii, uangalie ndani. Huo mstari unafanya nini?"

"Mstari gani?"

"Wa kijani."

Alichungulia, amefumba jicho moja kama mtoto. "Haufanyi kitu."

"Angalia poa."

"Nimeangalia. Umetulia tu hapo. Kwani unafaa kufanya nini?"

Nilichukua kamera kutoka mikononi mwake, nikachungulia. Mstari ukaanza kutetemeka. Nikamwambia ni sawa, nilikuwa nataka tu kujua kama umewaka. Mke wangu hajawahi kuwa mpiga picha, hushika kamera kama anavyoshika mtungi wa gesi, na kwake mstari ulikuwa umelala. Nikaelewa kile kifaa cha ndani kilikuwa kikinifanyia nini. Kilikuwa kinanishika mkono kama mtu anavyomshika mzee kumvusha barabara. Mzee huvuka, ndiyo, lakini haimaanishi kwamba miguu yake imepona. Na muuzaji alikuwa amesema wazi: mkono ukitikisika kidogo. Hakuniambia kidogo kinaishia wapi.

Nilitafuta kwenye mipangilio ya kamera nikauzima ule mstari.

Siku zilizofuata niliishi kama mwizi nyumbani kwangu. Niliwaambia wateja kwamba kamera za kisasa lazima ziwekwe kwenye tripodi, na wakaamini. Nilimwambia mke wangu chai inanipa kiungulia, nikaanza kunywa kwa flaski yenye kifuniko, kidogo kidogo. Kanisani tukiambiwa tuinue mikono, niliingiza yangu mifukoni. Nilikuwa nikifunga vifungo vya shati nikivitazama, kitu ambacho hakuna mtu mzima anayekifanya, na kifungo kikikwama nilikiacha wazi. Wakati mwingine mikono ilitulia kabisa, nikajiona mpumbavu. Wakati mwingine kidole kimoja cha mkono wa kulia kilicheza chenyewe, bila ruhusa yangu, nikakikalia. Nilienda hospitali, nikaegesha gari, nikanunua mahindi ya kuchoma langoni, nikala, nikarudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini methali haimsindikizi mtu mpaka kwa daktari. Nilijua daktari atasema nini. Nilikuwa nimeshika bakuli.

"Siku hizi uko na nini?" mke wangu aliuliza zaidi ya mara moja.

"Ni hii kamera mpya. Bado naizoea."

Ndipo mama akapiga simu. Mama huniita baba, kwa sababu jina langu ni la baba yake, na akitaka kunigombeza ndipo hulitumia zaidi. "Sikiza, baba. Nasikia uko na kamera ya maana. Watu wa huku wote wako na picha yako kwa ukuta. Mimi nimekuzaa niko na ya kitambulisho pekee. Kuja unipige na ng'ombe yangu."

"Nitakuja, mama."

"Utakuja lini? Nikiwa kwa sanduku?"

Jumapili baada ya ibada tukapanda, mimi na mke wangu, kupitia Njoro, viazi vimetoa maua pande zote mbili za barabara. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kijani la kanisani na gambuti za zizini. Alikuwa ameshapanga picha yote kichwani: akamue, ndoo ijae, povu lionekane, na mimi nisisahau pembe. Nikasimamisha tripodi zizini. Ng'ombe akaitazama ile miguu mitatu, akapuliza pua, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mama akambembeleza, akamwimbia kidogo, akampaka mafuta. Ng'ombe hakutoa hata tone.

"Ondoa hiyo kitu," mama akasema. "Inaninyima maziwa. Shika kamera kwa mkono kama watu."

"Mama, hii kamera haitaki hivyo."

"Ng'ombe pia haitaki hivyo. Na ni yeye anakamuliwa, si kamera."

Mke wangu akacheka, akaibeba tripodi kuipeleka nje. Nikabaki mikono mitupu. Ng'ombe akatulia pale pale, maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo. Niliegemea nguzo, nikabana viwiko, nikashika pumzi, roho mkononi. Lenzi ya kamera ile ni ndefu na nzito, na ncha yake ilikuwa inacheza. Niliiona. Nikaomba nisiwe naonekana.

"Tazama kamera, mama."

"Natazama."

Alikuwa amegeuza uso, shavu limegusa ubavu wa ng'ombe, mikono yake inaendelea kukamua bila yeye kuitazama, mikono ya zaidi ya miaka sabini, imetulia kama mawe. Nilipiga nyingi. Ndoo ilijaa mpaka povu likapanda ukingoni, mke wangu akaichukua kuipeleka jikoni, anatembea polepole isimwagike.

Nilibaki zizini nikakagua. Nikakuza picha ya kwanza kwenye kioo cha nyuma ya kamera, nikaona makunyanzi yametoka, kila moja, na nywele nyeupe zilizotokeza chini ya kitambaa, na kifaa cha ndani nikakishukuru kwa sauti. Halafu nikakuza macho. Hayakuwa yamenitazama. Hayakutazama lenzi pia. Yalikuwa yametazama chini kidogo, pale mikono yangu ilipokuwa imeishika kamera. Nikafungua picha iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Zote hivyo. Nikajiambia kwamba mama ni mzee, hajui lenzi iko wapi.

Tangu tumzike baba, mama alirudi kumimina chai kama watu wengine. Siku ile ile ya matanga, nilimwona akimjazia mgeni wa kwanza mpaka ikafurika kwenye kisahani, kisha akaenda jikoni akalia. Miaka yote tangu hapo chai ya kwake imekuwa ya kufurika. Mke wangu huiogopa, husema ukienda kwa mama beba tumbo la ziada. Habari ya vikombe vya nusu yeye aliijua tu kama hadithi, mimi mwenyewe nilimsimulia tulipokuwa wachumba, mpaka mwisho wake.

Tuliketi. Mama akaleta birika, akaanza na mimi. Nilikuwa nimeficha mikono chini ya meza. Nilitazama chai ikipanda ndani ya kikombe, rangi yake nzuri ya maziwa mengi, ikapanda, ikafika katikati. Mama akainua birika.

Sijui nikueleze vipi jinsi nilivyoogopa. Niliogopa kuliko siku ya mstari, kuliko siku ya dirisha. Kamera na mstari ningeweza kubishana nao. Na mama singeweza. Akahamia kikombe cha mke wangu, akamimina nusu. Akahamia chake, akamimina nusu. Akaweka birika chini, na lilikuwa bado zito, nilisikia lilivyotua.

Mke wangu alitazama kikombe chake. Akatazama changu. Kisha akatazama mahali ambapo mikono yangu ilipaswa kuwa, juu ya meza. Alikuwa ameshika kijiko, akakiweka chini polepole sana. Chini ya meza nikasikia mkono wake ukitafuta wangu, ukaupata, ukaushika ule wa kulia, wenye kidole kile.

"Kesho tunaenda hospitali," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Sawa," nikasema.

Mlangoni pakapigwa hodi. Alikuwa jirani wa mama, mzee wa boma la pili, aliyekuwepo siku ile ya posa na aliyeeneza maneno ya chai ya kupimwa kuliko mtu yeyote. Amefanya mzaha huo na mama mpaka wote wawili wakazeeka. Akatusalimu, akaketi akisugua mikono kwa baridi, akasema amesikia mpiga picha amekuja na yeye hatatoka bila kuonja chai. Mama akamletea kikombe. Nilitamani amjazie. Nilitaka kumwambia, mama, mimi si baba, mjazie mzee wa watu.

Akammiminia nusu.

Mzee alikiinamisha kikombe, akachungulia ndani. Kisha akatazama jikoni, mlango ulikuwa wazi, na ile ndoo ilikuwa sakafuni pale pale tunapoiona sote, imejaa, povu halijashuka.

"Utuwie radhi," mama akamwambia. "Ng'ombe amepunguza maziwa."

Mzee aliweka kikombe chini. Akamtazama mama, halafu akanitazama mimi. Nikautoa mkono kwa mke wangu, nikauweka juu ya meza, nikashika kikombe changu mbele yao wote na kukiinua. Kilitetemeka njia nzima mpaka mdomoni. Chai haikumwagika.